Uji wa Benedeta

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Taaka alifagia ua, akachota maji, kisha akampikia mama yake uji. Mama huyo, Benedeta, alikuwa amejifungua mtoto wa tisa. Kijijini kwao, karibu na Busia, mzazi hunyweshwa uji wa wimbi wenye sukari tele ili damu irudi. Ukimpa uji usio na sukari majirani watakuita mchoyo, na maneno yao hayaishi leo wala kesho.

Lakini damu ya Benedeta haikurudi. Miezi ilipita naye akazidi kukonda. Alimaliza mtungi wa maji na bado akalalamika kiu. Usiku alitoka nje mara kwa mara, na asubuhi Taaka aliwakuta sisimizi wamejaa pale alipokojoa. Hata kidonda kidogo cha jembe mguuni kilikataa kupona.

"Mtoto anamnyonya nguvu," alisema Mama Ojiambo, jirani yao. "Mwongezee sukari, binti yangu. Nimetunza wazazi wengi mimi."

Taaka akaongeza. Maskini, alimpenda mama yake kuliko kitu chochote, na hakuwa na namna nyingine ya kumsaidia. Kadiri alivyoongeza, ndivyo mama alivyodhoofika. Taaka aliacha kucheza, akaacha hata kusoma. Aliona wazi kwamba mama anamponyoka.

Siku moja Benedeta aliitwa asiitike. Alikuwa akihema tu. Baba yake Taaka, Maloba, aliomba nafasi kwenye lori la pamba wakampeleka hospitali huko Tororo. Taaka alimpakata mtoto mchanga.

Madaktari walimwokoa, lakini mguu uliooza ulikatwa. Muuguzi aliyeitwa Sista Amuge alimuuliza Taaka mama alikuwa akila nini. Taaka akaeleza yote: uji, kiu, sisimizi.

"Ni kisukari," alisema Sista Amuge. "Mwili wake umeshindwa kuitumia sukari, ndiyo maana inatoka na mkojo."

"Basi mguu wa mama nimeukata mimi," Taaka alisema, akaangua kilio.

"La, mwanangu. Uji wako ulimzidishia, lakini si wewe uliyemletea ugonjwa. Madaktari wameona kwamba wanawake waliozaa mara nyingi hupatwa na kisukari zaidi ya wengine. Si wote, ila kila mimba huuelemea mwili. Ukiona mtu ana kiu isiyokatika, anakonda na vidonda haviponi, usingoje. Mlete apimwe. Kumpenda mgonjwa ni vizuri, lakini mapenzi hayapimi damu."

Kisha akamgeukia Maloba. "Baba Taaka, mke wako atadungwa sindano kila siku maisha yake yote. Na mimba nyingine inaweza kumuua."

Maloba alikuwa mtu wa kujigamba. Klabuni kwenye pombe ya mtama aliwaambia wenzake kwamba hatakoma mpaka afikishe watoto kumi na wawili. Sasa alitazama blanketi lililomfunika mkewe, upande ule lilipolala bapa pasipo mguu, machozi yakamtoka mbele ya binti yake.

"Hawa tulio nao wanatosha, Sista," alisema. "Nilihesabu watoto, mama yao sikumtazama. Nifundishe kudunga hiyo sindano."