Kiti cha Mbele cha Datsun

Kiti kilikuwa na joto.

Si joto la jua, maana jua lilikuwa bado chini ya mahindi na Sule alikuwa anafuta umande kwenye kioo kwa kiganja. Lilikuwa joto la mtu. Mariam Poni aliinama kuweka furushi la nepi upande wa kushoto wa kile kiti kirefu cha mbele, mkono ukagusa plastiki, akaurudisha kama aliyegusa sufuria motoni. Kiti kilikuwa kimebonyea kwa uzito wa mtu mzima, na mbele ya macho yake kikaanza kuinuka taratibu, springi zikilia moja moja, mpaka kikawa sawa.

"Baba Sadiya," alisema, "nani amelala ndani ya gari?"

"Nani alale huko? Mlango iko na kufuli." Sule alicheka. "Panda, mama. Arua haiwezi kuja kwetu."

Akapanda. Lakini alijisogeza katikati, magoti karibu na gia, mtoto kifuani, na njia nzima kutoka Koboko mpaka Arua aliiacha ile nafasi ya kushoto wazi, kama mtu anayempisha mgeni apate pa kukaa.

Gari hiyo ndiyo ilikuwa shamba lao na ng'ombe wao. Kamisi, kaka yake Sule, aliinunua ikiwa mpya mwaka 1975, Datsun pikapu nyeupe, alipokuwa bado jeshini, na watu walizoea kusema Kamisi ana wake wawili, Paska na Datsun, na anayeogeshwa kila siku ni Datsun. Vita vilipofika kwao na watu wakakimbilia Sudan, petroli ilimwishia Lurujo. Kamisi alifanya kama walivyofanya wengine wenye gari: akaisukuma mpaka nyuma ya boma la mjomba wake, akaing'oa magurudumu, akaikalisha juu ya mawe, kisha akaijengea ukuta wa fito na udongo na kuezeka nyasi juu, kibanda kisicho na mlango, ili askari wapitao waone ghala tu. Kisha Kamisi akafa akivuka mto Kaya. Paska na mtoto wao mchanga hawakufika Sudan. Watu walisema wameshika njia ya Zaire, na kwa kuwa wengi walikuwa wamepotea hivyo hivyo, hakuna aliyeuliza tena.

Miaka saba baadaye Sule alirudi na Mariam Poni, aliyemwoa kambini, na binti yao Sadiya. Siku ya pili tu alikwenda Lurujo peke yake akabomoa ule ukuta. Fundi Asiku alitia betri, plagi na oili mpya, akageuza ufunguo mara tatu, na gari ikawaka.

"Hii kampuni ilishaacha jina," Asiku alisema akipangusa mikono. "Mpya zao siku hizi wanaandika Nissan. Datsun hakuna tena. Jina imekufa, lakini mutu yenyewe iko hai, inakohoa tu kidogo."

Sule aliyapenda maneno hayo, akawa anamwambia kila abiria.

Abiria walikaa nyuma juu ya magunia, na aliyetaka kushuka aligonga paa la gari mara mbili. Ndiyo ilikuwa desturi. Mariam Poni ndiye aliyegundua, baada ya ile asubuhi ya kiti, kwamba kila paa likigongwa, kiti upande wa kushoto hutikisika, kama mtu anakusanya miguu ili ainuke. Pigo moja, la pili. Kisha kimya, kama anasubiri kitu kingine. Kisha springi zinashuka tena.

Na Sadiya alikuwa anacheka. Miezi minane, meno mawili, akiiangalia ile nafasi tupu na kunyoosha mikono kama anavyomnyooshea mtu anayetaka kumbeba.

Ijumaa moja sokoni Arua, mtoto alikuwa amelala, na Mariam Poni akamlaza ndani ya gari, mlango wazi, yeye hatua tatu tu, anapima simsim kwa kikombe. Aliporudi Sadiya alikuwa macho, ameshiba, tumbo limejaa kama ngoma, na pembeni ya mdomo maziwa. Mazito, ya njano kidogo. Mariam Poni alijigusa kifua, maana tangu alfajiri hakuwa amemnyonyesha. Akamnusa mtoto. Alinukia mafuta ya simsim na moshi wa zamani, na chini yake harufu ya udongo wa ndani ya nyumba iliyofungwa muda mrefu. Akamwekea titi, mtoto akageuza uso.

Hakulishika tena. Si siku hiyo, si kesho yake. Maziwa yalimjaa Mariam Poni mpaka nguo ikalowa, akawa anakamua kwenye kikombe na kumpa kwa kijiko, mtoto anatema. Zahanati walisema mtoto hana homa, hana kuhara, jaribu uji. Uji akatema. Lakini hakulia njaa, na hilo ndilo lililomtisha mama yake zaidi: kila siku tumbo limejaa, na kila siku mikono inakuwa kama vijiti vya kibiriti. Siku ya tisa ngozi ya mapaja ilikuwa inaning'inia kama soksi, na bado anacheka akiisikia gari inaingia uani.

"Baba Sadiya, nauza hii gari."

"Unauza gari ya nani?"

"Basi nauza wewe."

"Mama, watoto wote wanakonda wakiota meno," Sule alisema, lakini hakumtazama.

Siku ya kumi na moja, adhuhuri, Sule akiwa msikitini, Mariam Poni alimlaza Sadiya chumbani kwenye mkeka, akafunga mlango kwa komeo la nje, akaenda kuanika nguo. Jua lilikuwa kali, kuku wamejificha, hakuna hata mtu njiani, na katika ule ukimya akasikia mtu anaimba kwa midomo iliyofungwa, wimbo wa kubembeleza wa Kilugbara ambao yeye, Mkakwa, hakuwahi kuujua, na sauti inatoka kwenye gari. Alikwenda, hakujua kwa nini alikwenda, miguu ilikwenda yenyewe, na milango ya gari imefungwa kwa ufunguo na ufunguo uko mfukoni mwa Sule msikitini, na vioo vimepanda mpaka juu, na ndani, nyuma ya kioo, alikuwepo Sadiya wake, Sadiya aliyemfungia chumbani kwa komeo, ameegemea hewani, hakugusa kiti, ameinuliwa kiasi cha shubiri mbili juu yake, kichwa kimelalia mkono usioonekana, na mdomo wake mdogo unavuta, unavuta, unameza, na matone ya maziwa yanashuka kidevuni kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu, na chini yao kiti kimebonyea kwa uzito wa mtu mzima, na mvuke wa pumzi unatokea kwenye kioo, si mbele ya mtoto bali juu zaidi, mahali ambapo kichwa cha mwanamke aliyekaa kingekuwa, unatokea na kupotea, unatokea na kupotea.

Alivunja kioo kwa mchi.

Sule alimkuta amekaa chini uani, damu mkononi, mtoto amefungwa kifuani kwa khanga mbili. Alimweleza yote kwa mkupuo, bila kupumua. Alipofika kwenye ule wimbo, Sule aliketi chini karibu naye.

"Paska alikuwa anaimba hivyo," alisema polepole. "Yeye Mlugbara, wa Ajia."

"Paska iko Zaire."

Sule alitikisa kichwa. "Siku nilivunja ukuta, nilipata shimo chini, mahali mtu alichimba akatoka. Mlango wa gari iko wazi. Chini ya kiti, kitu imefungwa na kitenge nyekundu. Ndogo." Alionyesha kwa mikono, ukubwa wa mkate. "Kitenge ile, Kamisi alimletea kutoka Arua. Nilijua."

"Mtoto wao."

"Mifupa tu."

"Ukafanya nini, Sule?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu amzae Sadiya.

"Nilizika kwenye kichuguu, pale njia inakata kwenda barabara kubwa. Haraka. Sikusoma hata Fatiha. Sikuambia watu wa Paska. Nilisema wazee wakijua mtoto alifia ndani, watachoma gari. Tutakula nini?"

Mariam Poni alimtazama mtoto. Sadiya alikuwa amefumbua macho, anatazama Datsun.

Kesho yake asubuhi walikwenda Ajia kumchukua Ocokoru, bibi ambaye watu humwita kila maiti inaposafirishwa kurudi nyumbani, maana yeye ndiye anayemwambia marehemu njia, mto kwa mto, kona kwa kona, ili roho isibaki porini. Sule alimfungulia mlango wa kushoto. Bibi alichungulia akarudi nyuma.

"Pale iko mutu," alisema. "Mimi nitakaa na magunia."

Walipomweleza yote, aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na aliyeketi karibu. Mume alimwambia Paska asitoke mpaka agonge mara ngapi?

"Tatu," Sule alisema, na hapo akaelewa kwamba Kamisi aliwaficha Paska na mtoto ndani ya kile kibanda ili amvushe mama yao kwanza. Mama yake, aliyevushwa mto na Kamisi, aliwahi kuwaambia kambini kwamba Kamisi alifia majini akilia arudi Lurujo akagonge mara tatu. Walidhani ni maneno ya kufa.

"Basi," bibi alisema. "Mtoto alikufa, mama akatoka kutafuta maji. Mwili haukurudi. Yeye alirudi. Alikaa na mtoto wake, akatulia, anasubiri mume. Wewe ukatoa mtoto, hukumwambia umempeleka wapi. Unataka afanye nini? Alitafuta, akapata mwingine." Bibi alimgeukia Mariam Poni. "Atashuka. Akishuka tu, funga mlango. Hapo hapo. Usingoje."

Walirudi kaskazini polepole. Kila mto bibi alisema kutoka nyuma, "Paska, tunavuka." Kila kona, "Paska, tunakata kushoto. Mtoto wako iko mbele." Mariam Poni alibanwa katikati, bega lake la kushoto limepoa kama limeegemea mtungi, na Sadiya mapajani ananyoosha mikono upande ule, hana nguvu hata ya kucheka.

Kwenye kichuguu Sule alizima gari. Bibi akamwaga majivu kutoka mlangoni mpaka pale udongo ulipokuwa umevimba. Sule alisoma Fatiha, sauti inakatika. Akasema, "Shemeji, nisamehe. Mtoto iko hapa." Kisha akagonga paa.

Moja. Mbili. Springi zikakaza.

Tatu.

Mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe. Kiti kikapanda, si taratibu, mara moja, kama kilichopumua. Kwenye majivu ulitokea unyayo, mguu mwembamba wa mwanamke, kisha mwingine, kisha mwingine, kuelekea kichuguuni.

Na Sadiya akalia.

Kilio cha njaa, kikali, cha siku kumi na mbili, na maziwa yakamchuruzika Mariam Poni kabla hata hajafungua nguo, na mtoto akalikamata titi la kulia kwa nguvu mpaka mama akapiga kelele, na akalia na kucheka na kumbusu utosini, na Sule naye akalia, na kwa muda huo wote, Mungu amsamehe, mlango ulikuwa wazi. Bibi Ocokoru ndiye aliyeubamiza.

Majivu hakuna aliyeyaangalia tena.

Walikuwa wamekwenda mwendo mfupi tu, polepole, Sadiya analala huku ananyonya, khanga imemfunika, wakati Mariam Poni aliposikia titi la kushoto linaguswa. Alidhani ni nguo. Kisha likavutwa. Mdomo mdogo, bila meno, baridi kama kijiko, na harufu ya udongo ikampanda puani. Upande wa kushoto wa khanga ukainuka kidogo, ukashuka, ukainuka. Mdomo ukavuta, ukameza.

Akainua macho kwenye kioo cha dereva. Nyuma kabisa, barabarani karibu na kichuguu, alisimama mwanamke mwembamba, mikono mitupu, ametulia, kama mama aliyempata mtu wa kumshikia mtoto ili naye apumzike.

"Mtoto iko sawa?" Sule aliuliza. "Sasa nitatia moto, tufike mapema."

Mariam Poni aliuweka mkono wake juu ya khanga, upande wa kushoto. Chini ya kitambaa palikuwa na kichwa, kidogo kuliko cha Sadiya.

"Endesha polepole," alisema. "Watoto wanalala."