Kizibo cha Mbwembwe

Kila Jumamosi alfajiri, majirani wakiwa bado wamejifunika gubigubi, Kiberiti na shangazi yake walikuwa wameshafika ziwani. Shangazi alikuwa fundi cherehani. Wiki nzima alikaa kwenye kiti, Jumamosi akakaa kwenye kayaki, kile chombo chembamba cha plastiki cha mtu mmoja kinachoendeshwa kwa kafi. Usidanganyike ukiwaona wavuvi wa kayaki wanaelea kwa raha zao! Viganja vya Kiberiti vilijaa malengelenge, mabega yalimbabuka kwa jua, na ndoano ilishamchoma kidole akalia mbele za watu. Lakini samaki akivuta mshipi, maumivu yote husahaulika.

Jina la Kiberiti alipewa na shangazi, wala hakuonewa. Ukimgusa tu, anawaka.

Pale ziwani palikuwa na desturi moja. Tumbo la kayaki ni tupu, na mkiani kuna tundu la kumwagia maji linalozibwa kwa kizibo. Ukishakaa, tundu liko nyuma yako, hulioni. Kwa hiyo uliyefuatana naye kwenye foleni ndiye anayekukagulia. Akiona kizibo kimekazwa, anapaza sauti: "Kipo!" Nawe unaingia majini bila kugeuka. Kugeuka ni sawa na kumwita mwenzako mwongo.

Sasa, alikuwepo mvulana mmoja wa darasa la Kiberiti aliyevua kwa kayaki ya kaka yake. Aliitwa Mbwembwe, na jina lilimkaa. Jaketi la kuokolea maisha alilikalia kama mto, eti likivaliwa linaficha kifua. Siku moja alikuja kasi akaigonga kayaki ya Kiberiti kusudi, ili wenzake wacheke. Fimbo ya kuvulia ikamponyoka Kiberiti ikazama. Ilikuwa fimbo ya marehemu baba yake.

"Iacheni!" Mbwembwe alicheka. "Samaki nao wanataka kuvua!"

Hakuomba radhi. Shuleni akaisimulia tena na tena, na kila mara kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Kiberiti alimweka kiporo.

"Atanitambua," alimwambia shangazi usiku mmoja, machozi yakimlengalenga. "Wallahi atanitambua!"

"Hasira hasara, mwanangu. Nitazungumza na kaka yake."

"Zungumza naye, shangazi. Mimi nina yangu."

Jumamosi iliyofuata, Mbwembwe alichelewa kama kawaida yake. Akaingia kwenye foleni nyuma ya Kiberiti, akaketi juu ya jaketi lake, kafi mkononi.

"Haya, Kiberiti, niangalizie kizibo. Au bado umenuna?"

Kiberiti akainama. Tundu lilikuwa wazi. Kizibo kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba yake, kimesahauliwa. Moyo ulimdunda kwa furaha. Hakuwa na haja ya kugusa chochote. Kwani nani kamtuma asahau?

"Kipo!" akapaza sauti.

Mbwembwe akaondoka anapiga mluzi.

Kiberiti alivua karibu na matete, kwa fimbo ya kuazima, jicho moja kwa adui yake. Alitaka amwone akinywa maji, watu wamcheke naye ajue ladha yake. Aliona mkia wa ile kayaki ukididimia kidogo kidogo. Mbwembwe alikuwa anapiga kafi kwa nguvu, anashangaa kwa nini chombo kimekuwa kizito. Kunywa, alisema Kiberiti moyoni. Kunywa ushibe!

Mara mshipi wake ukavutwa hadi fimbo ikapinda. Samaki mkubwa kuliko wote aliowahi kuwapata! Na palepale kayaki ya Mbwembwe ikabinuka. Jaketi likaelea upande wake, yeye upande wake. Kichwa kikazama, kikaibuka, kikazama tena.

"Nisai..." Maji yakalimeza neno.

Hapakuwa na kicheko. Wavuvi wengine walikuwa mbali. Kiberiti alitazama samaki, akatazama maji yaliyotulia mahali kile kichwa kilipokuwa. Akachomoa kisu akakata mshipi. Alipiga kafi hadi malengelenge yakapasuka na damu ikatoka. Mkono ulipoibuka, aliudaka.

"Shika mkiani! Usipande, utatupindua wote! Shika tu!"

Akamkokota hadi ufukoni. Wavuvi wakawazunguka. Mbwembwe alitapika maji, akainua macho.

"Ulisema kipo," alisema.

Kiberiti angeweza kukana. Alimtazama shangazi yake, akashindwa. "Niliona hakipo," alisema. "Nilitaka unywe maji." Kisha akaangua kilio.

Shangazi hakumpiga wala hakumfokea. Lakini Jumamosi iliyofuata, Kiberiti alipoinama kumkagulia, shangazi aliinua mkono.

"Ngoja. Leo nitakaguliwa na mwingine."

Hakuna fimbo ambayo ingemchapa zaidi ya hapo. Foleni yote ikasogea mbele, yeye akabaki peke yake kwenye kayaki, hana wa kumkagulia. Ndipo aliposikia hatua nyuma yake. Alikuwa Mbwembwe, amevaa jaketi, limefungwa hadi shingoni.

"Fimbo ya baba yako," alisema. "Nilikugonga kusudi. Nisamehe."

Akainama nyuma ya kayaki, akanyamaza. Akanyamaza sana. Kiberiti alikaza macho mbele, shingo ikimwasha, asigeuke. Hivi leo alikaza kizibo? Kwa mawazo aliyokuwa nayo, hakukumbuka hata kidogo.

"Hakipo," alisema Mbwembwe. Akakichukua, akakikaza kwa vidole vyake mwenyewe, akajaribu tena kama kimekaza. "Sasa kipo!"

Shangazi alikuwa amesimama ukingoni kando ya kayaki yake, ameona yote.

"Umeona, mwanangu?" alisema polepole. "Wiki iliyopita neno moja lilitosha kumzamisha yeye. Leo lingetosha kukuzamisha wewe. Kisasi hakina mwisho mpaka mmoja akatae zamu yake. Na mtu akishakuamini mgongoni kwake, wewe ndiye macho yake. Usiwe macho ya uongo."

"Nimesikia, shangazi."

"Basi njoo unikagulie."

Kiberiti akashuka, akainama, akakigusa kizibo kwa mkono ili awe na hakika.

"Kipo, shangazi!"

Shangazi akaingia majini bila kugeuka.