Mlio wa Kujibu Mtumbwi

Respicius si mtu wa kutunga, ndiyo maana nalisimulia jambo hili lililompata. Mwaka ule sukari ilipoadimika, alipunguzwa kazini kwenye shamba la mkonge, akatoka Same kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu kujifunza uvuvi kwa Mzee Loth.

"Kaa chini, usisimame," mzee alimwambia. "Dumu tupu lifunge kiunoni. Giza likikukuta, gonga mtumbwi. Nitakujibu kwa debe huku ufukweni, ufuate mlio."

"Nimekuelewa, mzee."

Jioni hiyo, akiwa peke yake bwawani, kambare alivuta ndoano kwa nguvu, kasia likamponyoka Respicius. Upepo ukamsukuma mbali, giza likameza maji na milima ya Upare. Akagonga ubavu wa mtumbwi kwa ngumi.

Akajibiwa. Akagonga tena, akajibiwa upesi zaidi. Alimshukuru Mungu, mpaka alipokumbuka kuwa debe ni bati, na mlio huu ulikuwa wa mti.

Ndipo debe likasikika kweli, mbali kabisa, nyuma yake. Akaacha kugonga, akalikumbatia dumu lake.

Chini ya magoti yake mtumbwi ukaendelea kugongwa, taratibu, kutoka upande wa maji.