Moshi wa Stroberi

"Dada, usisukume. Simu zote hapa ni mahututi."

"Yangu imeshakufa. Nimekuja kuchukua maiti."

Fundi simu akainua macho. Katikati ya wateja wenye haraka alisimama mpishi wa hoteli: koti jeupe limefungwa hadi shingoni, kilemba chekundu, mikono ina makovu ya mafuta ya moto. Fundi akasahau bisibisi ilipo.

Akaifungua simu, akatoa sigara ya umeme mfukoni, akapuliza moshi juu ya bodi. Ukungu ukatanda, mahali pamoja ukayeyuka upesi.

"Penye joto ndipo penye shoti," akasema, akijivuna kama daktari bingwa.

"Kumbe unavuta?"

"Sigara niliacha. Hii ya kazini tu."

"Hata mimi niliacha. Ulimi wangu ndio ajira yangu."

Simu ikapona, na tangu hapo haikukaa kimya.

"Umekula, Pilipili wangu?"

"Napikia hoteli nzima, unaniuliza nimekula?"

"Basi niote."

"Nikikuota wewe, nitalala saa ngapi?"

Wakapendana hadharani, bila kuomba ruhusa ya mtu. Jioni mpishi alikaa kando ya meza ya fundi, na ile sigara ya kazini ikaacha bodi, ikawa inapita mdomo hadi mdomo. "Ladha ya stroberi tu, mpenzi," fundi alimwambia. "Haina hata majivu." Lakini nikotini ilikuwa ile ile, na stroberi ikaacha kumtosha mpishi. Akaanza kutokea mlango wa nyuma wa jiko, kuvuta sigara ya kweli.

Mpaka mkuu wa jiko aliporudisha sufuria nzima ya mchuzi. "Hii ni chumvi tupu!" Mpishi akaonja. Hakuhisi ladha yoyote. Akampigia fundi.

"Nimerudi kwenye sigara. Wewe na stroberi yako!"

"Nilikushika mdomo? Mvuke tu ule, usinisingizie."

"Basi baki na mvuke wako." Akakata.

Fundi naye kiburi kikampanda, akavuta mfululizo mpaka chaji ikaisha. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Miguu ikampeleka dukani yenyewe. Alipozinduka, sigara ilikuwa inawaka mkononi mwake, imefika nusu. Akaiponda. Akarudi kazini, akakiponda na kile kifaa cha mvuke kwa nyundo, mbele ya wateja, akakimbilia hotelini.

"Sikuwahi kuacha," akamwambia. "Nilibadilisha ladha tu, nikakuburuza na wewe."

"Mimi sitaacha kwa ajili yako," mpishi akasema. "Nautaka ulimi wangu. Ukiweza kwenda na mimi, twende. Ukishindwa, nipishe."

"Sirudi nyuma."

Lo, siku zile za kuacha sigara! Waligombana kwa sababu ya mwavuli, kwa sababu ya mlango, kwa sababu ya kupumua. Sokoni wakapandishiana sauti juu ya nyanya mpaka watu wakasimama. Mama mmoja akaguna, "Hawa hawafiki popote."

"Tutafika!" mpishi akamgeukia. Kisha kwa fundi, machozi ya hasira yakimtoka: "Mikono inatetemeka, mdomo wangu kisu. Umeniona nilivyo mbaya. Bado unanitaka?"

"Kuliko jana."

"Basi nioe, mbishi wewe, kabla sijakurushia hii nyanya!"

Fundi akapiga goti katikati ya njia, suruali mpya kwenye matope.

"Rusha. Nakuoa hivyo hivyo."

Akarusha.