Diski ya Tatu

Saa 5:00 asubuhi, Jumamosi

Chumba cha nyuma cha duka la samaki wa barafu, Ashaiman. Majokofu matatu yalikuwa yakiunguruma. Mlango ulipigwa kufuli kwa ndani. Ebo Quansah alikuwa amechora jengo zima juu ya katoni ya samaki, na sasa kidole chake kilitua kwenye chumba kidogo pembeni.

"Hapa ndipo kwako, dada."

Dzifa Agbeko hakuhitaji kuonyeshwa. Kwa miaka sita ndiye aliyetunza mashine za kuhifadhi data za kampuni ile ya kununua dhahabu kule Tema. Picha za kamera zote ziliishia kwenye mashine moja, diski kumi na mbili ndani ya kabati la chuma.

"Nikichomoa diski mbili, inavumilia," alisema. "Ya tatu ikitoka, inaanguka. Kamera zinabaki kutoa macho tu."

"Na zile kumbukumbu zake?"

"Inaandika kila kitu. Diski ipi imetoka, saa ngapi, joto kiasi gani, nani ameingia na kwa jina lipi. Ikijiona mgonjwa, inatuma ripoti ng'ambo kwa walioiunda. Nitachomoa waya wa mtandao kwanza. Mwisho nafuta."

"Futa kuanzia Jumatatu."

"Kwa nini Jumatatu? Kazi ni ya leo."

"Usafi, dada. Nyumbani kwako unafagia nusu chumba?"

Nii Lante, dereva, alicheka huku akijifunga nguo nyeusi ya msiba. Alhamisi aliingia kwenye jengo lile kama fundi wa viyoyozi, akatoka na alama ya ufunguo wa chumba cha dhahabu kwenye kipande cha sabuni.

"Hukugusa mashine yangu?" Dzifa alimuuliza.

"Mimi? Naogopa hata simu yangu."

"Na nikisema sitaki?" Alimgeukia Ebo.

Ebo alitoa simu, akaiweka juu ya katoni. Hakuifungua. Ndani yake mlikuwa na jumbe za miaka miwili kuhusu kila diski ya zamani ambayo Dzifa alitakiwa kuiponda na badala yake akamuuzia Ebo.

"Mlango ule pale," Ebo alisema. "Ukitoka, hizi zitafika kwa mkurugenzi kabla hujapata gari. Gereza la Nsawam lina nafasi ya wanawake, usijali."

Dzifa alibaki alipo. Jumatano alishampa Ebo hata neno lake la siri la kuingilia kwenye mashine, eti asije akaugua kazi ikakwama.

Saa 7:10 mchana

Mkurugenzi alikuwa mjini Ada akimzika mama yake, na kampuni nzima ilikuwa naye. Getini alibaki mlinzi mmoja, Baba Alhassan.

"Viti vimepungua, Baba!" Ebo alipaza sauti kutoka kwenye pikapu. "Wakwe wamekuja mabasi matatu!"

"Wakwe wa Ada wanapenda kula," mlinzi alisema akifungua. "Dzifa, mwanangu, hata leo wanakutumikisha?"

"Hata leo, Baba."

Stoo ya viti vya plastiki ilipakana na chumba cha dhahabu. Vipande vya dhahabu chini, viti juu. Nani angepekua viti vya msiba?

Saa 7:22

Chumba cha mashine kilikuwa baridi kama lile duka la samaki. Dzifa alichomoa waya wa mtandao. Akavuta diski ya pili. Ya saba. Akavuta pumzi, kisha ya tisa. Taa zote zikageuka nyekundu, feni zikapiga kelele.

"Tayari!"

Ebo alichungulia, akaitikia kwa kichwa, akavuta mlango. Ufunguo aliouacha mlangoni ukazunguka kwa nje.

"Kaka Ebo! Unanifungia?"

"Usalama wako, dada. Mlinzi akipita akute pamefungwa. Futa."

Saa 7:31

Kazi hii ilimfundisha jambo moja: usifute kumbukumbu ambayo hujaisoma. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, lakini macho yalishapanda juu peke yake. Leo. Jana. Alhamisi.

*Saa nne na dakika kumi na mbili. Ameingia: agbeko. Kupitia kibodi ya chumbani. Diski ya tatu imetolewa. Dakika nne. Diski ya tatu imerudishwa.*

Alhamisi Dzifa alikuwa mjini Ho, kwenye harusi ya mdogo wake. Ofisi nzima ilimchangia zawadi.

Alisoma tena. Lante. Walijaribu diski kwanza, kwa jina lake. Akiifuta Alhamisi, kitakachobaki ni Dzifa mmoja, ndani ya chumba kilichofungwa, na diski tatu mezani. Ndiyo maana ya Jumatatu. Ndiyo maana ya ufunguo. Tangu asubuhi hawakuwa na mpango wa kutoka naye.

Simu ikatetemeka.

"Umefuta?" Ebo aliuliza.

"Namalizia."

"Safi. Lante anakuja kukufungulia."

"Nangoja," Dzifa alisema.

Akaishika diski ya tisa. Iliyotoka mwisho hurudi kwanza, ndivyo mashine hizi zinavyotaka. Kisha ya saba. Ya pili aliiacha mezani. Akabonyeza swichi. Dakika tatu mashine ilijipapasa gizani, na dakika tatu Dzifa alisikiliza hatua ambazo hazikuja.

Taa moja ikawa kijani. Kisha kumi na moja.

Saa 7:39

Kioo cha kamera kikawaka. Ebo na Lante, wakitupia kiti cha mwisho kwenye pikapu. Sura zao wazi, namba ya gari wazi. Baba Alhassan aliwapungia mkono.

Dzifa alirudisha waya wa mtandao. Mashine ikauliza kama itume ripoti ya uchunguzi ng'ambo. Ikishatoka, hakuna wa kuifuta, hata yeye. Na humo ndani jina lake lilikuwa mara mbili, moja la uongo, moja la kweli.

Akabonyeza. Kisha akampigia mkurugenzi.

Saa 11:05 jioni

Mlango ulivunjwa. Mkurugenzi alisimama pale na nguo zake za msiba, polisi wawili nyuma yake. Pikapu ilikuwa imekamatwa njiani, Afienya, viti na vyote.

"Dzifa. Nani amekufungia humu?"

Alimpa karatasi alizochapisha.

"Anza na Alhamisi, bosi. Hiyo si mimi."

Mkurugenzi alisoma. Uso ukalegea kidogo. Akageuza ukurasa.

"Na ya leo?"

Dzifa alinyoosha mikono kwa polisi.