Nilimwaibisha Kabula Mbele ya Jumba Zima la Sinema

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka arobaini na minne, ni mzaliwa wa Tinde, na mguu wangu wa kushoto haukunjiki. Naandika haya nikiwa na akili zangu timamu. Hakuna aliyenilazimisha, ila nimechoka kukaa nayo kifuani!

Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na mitano nilifanya kazi katika jumba la sinema mjini Shinyanga. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi tuliyemwita Mzee Hari. Filamu zake nyingi zilisema Kiingereza, na watazamaji wake walikuwa wakulima wa pamba, wafuga ng'ombe na makarani. Nani angeelewa? Basi Mzee Hari akabuni njia yake. Alizima sauti ya filamu, akaweka makreti mawili, moja kila upande wa pazia la picha, na juu ya kila kreti akasimamisha mtu mwenye kipaza sauti cha bati. Mwanamume alisema maneno ya wanaume kwa Kiswahili, na mwanamke alisema ya wanawake.

Mwanamume huyo nilikuwa mimi, Nkwabi. Mwanamke alikuwa Kabula, binti wa Tinde kama mimi.

Kila Jumamosi asubuhi Mzee Hari alituonyesha filamu mapema, na mwalimu mmoja wa Kiingereza, Bi. Doroti, alikaa katikati yetu akitueleza kila linalosemwa. Tulikariri mpaka midomo ikauma. Jumapili saa kumi alasiri jumba lilijaa, nasi tukapanda makreti.

Kulikuwa na waigizaji wawili ambao watu wa Shinyanga waliwapenda kupita wote, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Majina yao ya Kizungu yalitushinda, kwa hiyo watazamaji wakawabatiza. Mwanamume akaitwa Masanja, mwanamke akaitwa Holo. Filamu yao ikija, watu walitembea kwa miguu kutoka Samuye!

Siku moja Bi. Doroti alituambia jambo lililotushangaza. Masanja na Holo walitoka mji mmoja huko Uingereza, na mji huo ndio alikozaliwa yeye mwenyewe. Ulikuwa mji mdogo wa viwanda vya kusokota pamba. Alisema kabla ya sinema wote wawili walianzia kwenye jukwaa la mbao ndani ya ukumbi wa kanisa, tena wakiwa bado vibarua wa kiwandani. Siku ya kwanza Masanja alimwona mama yake mzazi amekaa mbele, maneno yote yakamtoka kichwani. Akasimama pale kama mti! Holo akamsogelea akijifanya anamtengeneza kola, akamnong'oneza neno lake. Hakuna aliyejua, mpaka Masanja mwenyewe aliposimulia miaka mingi baadaye.

Bi. Doroti akasema kwamba kwa watu wa jukwaa wa mji wao hiyo ilikuwa sheria. Mwenzako akikwama, unampa neno, na humwaibishi mbele ya watu.

Kabula alicheka, akanitazama. "Na sisi wa Tinde tuwe hivyo hivyo, Nkwabi," akasema. Nikakubali. Tena nilikubali kwa mdomo mpana!

Wasomaji, nilimpenda Kabula. Nitaficha nini? Kila Jumapili nilimwambia "nakupenda" mbele ya watu mia kadhaa, naye akanijibu "nami nakupenda", lakini maneno yalikuwa ya Masanja na Holo. Ya kwetu wenyewe hatukuwahi kuyasema. Nilikuwa mwoga, na mwoga mwenye hasira ni mtu mbaya sana.

Asubuhi moja ya mazoezi, tukimsubiri Bi. Doroti, Kabula aliniambia siri yake. Aliwahi kuolewa Samuye akiwa msichana mdogo. Misimu mitatu ya kilimo ikapita bila mimba. Wakwe wakamrudisha kwao, na ng'ombe wa mahari wakarudishwa kwa wenyewe. Pale Tinde waliojua walimsitiri. Mimi wakati ule nilikuwa shule ya bweni, sikusikia lolote. Aliniambia huku analia, akanishika mkono, akasema, "Wewe nimekuambia ili usije ukaambiwa na mtu mwingine."

Kwa nini sikuelewa maana ya maneno hayo? Msichana anamwambia mwanamume jambo kama hilo kwa sababu gani?

Mwisho wa mwezi nilikwenda Tinde nikamwambia mama yangu kwamba nataka kumwoa Kabula. Mama alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua hata macho. "Nimesikia," akasema tu, akaendelea kupepeta. Nikarudi Shinyanga moyo umevunjika, nikijua mama amekataa.

Ndipo mambo yakaanza kuharibika...

Wiki iliyofuata mkata tiketi wetu alinivuta pembeni. Akaniambia kuna wanaume wawili watu wazima, wachimba dhahabu kutoka upande wa Geita, buti zimejaa tope jekundu, wanazunguka mjini wakiuliza habari za Kabula. Baba yake ni nani? Anaheshimu wakubwa? Anakunywa pombe? Sisi Wasukuma hatuulizi maswali hayo bure. Hao ni watu wa upande wa mwoaji, wametumwa kumchunguza binti kabla ng'ombe hawajatoka zizini.

Damu ilinichemka! Mchimbaji! Mtu ameokota jiwe linalong'aa huko porini, sasa anataka kuniokotea na Kabula wangu?

Jumamosi kwenye mazoezi nilimkuta Kabula amevaa kitenge kipya, amesuka nywele, anatabasamu peke yake. Nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Utajua kesho." Nikamwuliza tena kwa ukali. Akacheka, akaficha uso kwa kiganja. "Kesho, Nkwabi. Nimekatazwa kusema."

Amekatazwa! Na nani? Sikula siku ile. Nilitembea kutoka stesheni hadi sokoni na kurudi, sijui mara ngapi, nikijisemesha kama kichaa.

Jumapili saa kumi nilipanda kreti langu. Nikatazama chini, na kweli, mstari wa tatu walikaa wanaume wawili na buti zao zenye tope jekundu. Mmoja alikuwa na mvi, mikono ameiweka juu ya fimbo. Hawakuwa wanatazama pazia. Walikuwa wanamtazama Kabula! Naye alipowaona alipiga magoti kidogo palepale juu ya kreti, kama binti anayesalimia wakwe.

Taa zikazimwa.

Filamu ilikuwa ya Masanja anayerudi kutoka vitani akamkuta Holo anakaribia kuolewa na mwingine. Mungu wangu! Ilikuwaje iwe filamu hiyo, siku hiyo? Kila neno nililolisema lilinichoma. Kipaza sauti kikawa kinagonga meno yangu. Kabula upande wa pili alikuwa anasema maneno yake vizuri kuliko siku zote, sauti imetulia, tamu.

Tukafika pale stesheni ya treni. Masanja anamsimamia Holo mbele. Neno langu lilikuwa hili: "Nilikuandikia kila wiki, hukupata barua zangu?"

Sikulisema.

Nilimgeukia Kabula, nikainua kipaza sauti, na kwa sauti ya Masanja nikasema, "Waambie hao waliokuja kukutazama! Waambie uliolewa Samuye ukarudishwa! Waambie ng'ombe walirudi kwa wenyewe kwa sababu hukuzaa!"

Kwanza watu walicheka. Samuye, ndani ya filamu ya Kizungu! Kisha kicheko kikakatika kidogo kidogo, viti vikaanza kulia, watu wakageuka kumtazama Kabula. Mama mmoja nyuma akasema kwa nguvu, "Yowe! Ni huyu binti!"

Kwenye pazia mdomo wa Holo ulikuwa unachezacheza bila sauti. Nilitaka alie. Nilitaka akimbie, wale wa buti wainuke waende zao, kisha mimi nimfuate nimbembeleze. Huo ndio uchafu uliokuwa kichwani mwangu, wasomaji. Nautaja kama ulivyokuwa.

Kabula hakulia. Aliinua kipaza sauti chake, akasema, "Barua zako zote ninazo. Nimezisoma mpaka zimechakaa." Lilikuwa neno lile lile la Holo, mahali pake.

Zamu ikawa yangu tena. Nikafungua mdomo... hakuna! Masanja alikuwa anaongea kwenye pazia, mimi nimesimama kama mti. Jumba zima wananitazama mimi sasa.

Ndipo nikasikia sauti ya Masanja. Nzito, ya kiume, imetoka kreti la pili. Kabula alikuwa anasema maneno yangu! Akasema la Masanja, akarudi akasema la Holo, akaenda, akarudi, mpaka treni ikaondoka, mpaka wakaoana, mpaka filamu ikaisha. Hakukosea hata neno moja. Watu walisimama wakapiga makofi, wengine wakapiga vigelegele.

Taa zilipowaka alishuka, akaweka kipaza sauti juu ya kreti taratibu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Wale wawili wa mstari wa tatu walikuwa wamekwisha kuondoka.

Nilifika chumbani kwangu nikamkuta mama yangu amekaa kitandani. Alikuwa amekuja kutoka Tinde na basi la mchana, amevaa khanga yake ya sherehe. Pembeni yake amesimama yule mzee mwenye mvi na fimbo.

"Shikamoo," nikasema kwa mshangao.

Hakuitikia. Akamwambia mama, "Shemeji, mwanao ndiye aliyesema. Sisi hatuwezi kutoa ng'ombe." Akatoka.

Mama ndipo akanieleza, na kila neno lilikuwa kofi! Baba yangu alikufa nikiwa mdogo. Kaka zake wawili walihamia Geita kuchimba dhahabu, sikuwahi kuwafahamu kwa sura. Lakini ng'ombe wa kuolea lazima watoke upande wa baba. Mama alipopepeta mtama siku ile akasema "nimesikia", alikuwa amekubali. Aliwaita baba zangu wakubwa waje wamtazame binti. Mimi sikuambiwa kwa sababu mwoaji haambiwi, asije akamfundisha binti jinsi ya kujionyesha. Kabula aliambiwa na mama mwenyewe, na kukatazwa kunijulisha.

"Na ile habari ya Samuye?" nikauliza. Sijui hata niliuliza kwa nini.

"Mimi niliijua tangu zamani," mama akasema. "Nilipanga kuwaambia mwenyewe, polepole, wakishampenda. Watu wazima wangenielewa." Akafunika uso kwa khanga yake ya sherehe, akalia.

Kumbe mchumba wa Kabula nilikuwa mimi! Kumbe kitenge kile kilishonwa kwa ajili yangu!

Kesho yake nilikwenda kwao nikaambiwa ameondoka alfajiri, hakuna aliyetaka kuniambia alikoelekea. Mzee Hari hakunigombeza. Aliondoa kreti langu tu, na Jumapili iliyofuata filamu zikaonyeshwa bila maneno. Bi. Doroti nilipomwamkia njiani aligeukia upande mwingine. Mama alikaa zaidi ya mwaka bila kunisemesha ila kwa mambo ya chakula.

Nikasikia fununu kwamba Kabula yuko Geita. Nikaenda. Miaka mingi nilichimba kwenye mashimo ya kule, nikiuliza kila soko, mpaka siku kingo za shimo zilipoporomoka zikauponda mguu huu. Bado nikabaki kule, nikiuza chumvi na sabuni kwenye kibanda.

Mwaka juzi, siku ya soko, mwanamke alisimama mbele ya kibanda changu akiomba kipande cha sabuni. Alikuwa na mtoto mgongoni, na msichana mkubwa kidogo amebeba kapu pembeni yake. Muuza nyanya wa jirani akamwita, "Mama Holo, chenji yako!"

Nikainua uso. Alikuwa Kabula.

Holo! Binti amempa jina la Holo! Na amezaa, wasomaji... amezaa! Nilitaka kusema kila kitu. Nilikuwa nimeyakariri maneno hayo kwa miaka kumi na saba, shimoni na kitandani. Nikafungua mdomo, maneno yote yakanitoka kichwani kama siku ile. Nikabaki nimeshika sabuni.

Kabula alinitazama, akautazama mguu wangu. Hakuonyesha hasira. Akasogea karibu, akainama kama anayechagua chumvi, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata binti yake hakuisikia:

"Umekwama tena, Nkwabi? Neno lako ni 'nisamehe'."

"Nisamehe," nikasema.

Akapokea sabuni, akaifunga kwenye pindo la khanga, akamshika binti yake mkono, wakaondoka kuelekea kwa muuza nyanya. Hakujibu. Nami sikustahili jibu.

Nawasihi, hasa ninyi vijana. Mtu akikupa siri yake amekupa ngozi yake uishike. Ukiwa na wivu, muulize yeye, uso kwa uso, hata kama sauti inatetemeka. Usimwulize mbele ya watu! Mimi ningemwuliza Kabula swali moja tu kwa upole siku ile ya Jumamosi, leo huenda yule msichana wa kapu angekuwa ananiita baba.

Kibanda changu bado kipo. Kila siku ya soko naweka kipande kimoja cha sabuni pembeni, sikiuzi mpaka jua lizame. Hajarudi.