Maua ya Kivulini

Hii ilimpata rafiki yangu Magdaline, kule Nyeri, mwaka wa 1969. Alikuwa amemzika mumewe, Nderitu, na hakuwa ametoa chozi hata moja. Alasiri moja alienda kwenye shamba lililoachwa na mzungu kung'oa miche ya maua yanayochanua kivulini, aipande nyuma ya jikoni pasipofika jua.

Chini ya misonobari kulikuwa na giza. Akasikia jembe likilima nyuma yake, polepole.

"Toa na mizizi yote, Magda," sauti ya Nderitu ikasema.

"Sawa," akajibu, bila kugeuka wala kuogopa.

Jembe likanyamaza. Alipogeuka hakuona mtu. Udongo ulikuwa umelimwa upya, urefu wa mtu aliyelala. Akaugusa. Ulikuwa na joto, kama kitanda alichotoka mtu sasa hivi.